Masomo ya Leta ni ya Nani? Maoni ya Mzazi na Mwanafunzi, Tangu Zamani Mpaka Leo



Siku dada yangu mdogo alirudi na buletini ya mwisho wa mwaka, kwetu hakukuwa sherehe. Alipita, lakini kwa shida. Jioni tukaketi kwenye barza: babu, baba, mama na sisi watoto. Mazungumzo yakageuka kesi, na mshitakiwa alikuwa shule moja tu ya sekondari, shule ya Leta. Babu alisoma pale, baba akasoma pale, mimi nikasoma pale, na dada angali anasoma pale. Jina lake ninaliacha, juu kila mmoja wenu ana yake ya kufanana nayo.

Babu akaanza: "Ile ilikuwaka masomo. Mwalimu tulikuwa tunamuogopa sawa baba."

Baba akaongeza: "Wakati yetu Leta ilikuwa inalipa mwalimu. Mwalimu alikuwa mutu."

Mama akasema: "Mimi nalipaka franga tangu mutoto wa kwanza. Siku hata moja hawajaniuliza kama mwalimu anafundisha muzuri."

Dada akasema kwa sauti ndogo: "Mimi mwaka huu walinifukuza mara ine juu ya minervali. Siku moja interogasio ya kemia ikapita niko inje. Mimi, nani aliniuliza kitu?"

Babu akamwambia anyamaze mbele ya wakubwa. Akanyamaza.

Usiku ule sikulala upesi. Nilivyofikiri, niliona kwamba wote wanne walisema kweli, lakini hawakusema juu ya shule moja. Kila mmoja alisema juu ya mapatano ya wakati wake: nani anaongoza shule, nani analipa mwalimu, na nani ana ruhusa ya kufungua kinywa. Tufuate mapatano hayo moja kwa moja, ndipo tutajua kwa nini dada alinyamazishwa.

WAKATI WA BABU: MISIONI INAONGOZA

Tarehe 26 mwezi wa tano 1906, serikali ya mfalme Léopold II iliandikiana mapatano na Vatikani. Misioni za katoliki zilipewa udongo, nazo zikakubali kufungua shule kwa programu inayokubaliwa na serikali. Mwaka 1908 Ubelgiji ikakamata koloni, na kuanzia miaka ya 1920 ikaanza kusaidia misioni kwa pesa. Kwanza ilisaidia zile za wakatoliki wa Ubelgiji. Waprotestanti walingoja mpaka kiisha vita ya pili ya dunia. Kwa hiyo Leta ilitoa pesa na misioni ikaongoza.

Na mzazi? Hakuwa na kiti mahali popote. Kama hakupendezwa, alimrudisha mtoto shambani ao kwa mifugo. Maoni yake aliyatoa kwa miguu, hakuyatoa kwa kinywa. Watoto wengi walifundishwa kusoma, kuandika, katekisimu na kazi za mikono, kwetu mashariki mara nyingi kwa Kiswahili. Wachache sana waliendelea kwa seminari, kwa shule ya walimu ao ya makarani.

Miaka ya 1950, Wakongomani wa mijini walioitwa « évolués » walianza kuomba Kifaransa na programu ileile ya watoto wa wazungu. Bukavu tunajua mfano mzuri: chuo ambacho leo tunaita Alfajiri kilifunguliwa na Wajesuiti mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, na kilikuwa cha watoto wa wazungu. Mtoto mweusi wa mji uleule alikipita njiani tu.

Mwaka 1954 waziri Auguste Buisseret akaanza kufungua kwa Wakongomani shule za Leta zisizo za dini. Maaskofu walipinga kwa nguvu, na ile vita ya mashule iliyokuwa Ubelgiji ikavuka bahari ikafika kwetu. Tuliyofundishwa juu ya jambo hilo ni ugomvi wa wazungu na wazungu. Lakini kwa mzazi Mkongomani ilikuwa mara ya kwanza aweze kusema: « Sitaki hii, nataka ile. » Kuchagua nako ni kutoa maoni.

Babu akisifu shule yake, hasemi uongo. Ila anasahau hesabu moja. Mwaka 1960, siku ya uhuru, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata makumi tatu katika inchi nzima. Shule inayochagua wachache na kuwaacha wengine inje, ni rahisi iwe nzuri.

WAKATI WA BABA: LETA INALIPA, LETA INANYAMAZISHA

Kiisha uhuru watoto walijaa mashuleni kupita vile viti vilivyokuwa. Mwaka 1967 Exetat ya kwanza ikafanyika. Ilikuwa jambo kubwa: mtoto wa Shabunda na mtoto wa Kinshasa walipewa maulizo mamoja. Lakini tangu siku ile maoni ya wazazi yalipunguka yakawa hesabu moja: « Masomo ile inapitishaka finalisti bangapi? » Mpaka leo, mzazi anayetafuta shule huuliza asilimia mbele ya kuuliza kama kuna laboratware ao kitabu.

Mwishoni mwa 1974, Mobutu akafanya shule zote za dini kuwa mali ya Leta, na somo la dini likaondolewa. Haikuchukua muda, Leta ikashindwa kuziongoza. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977, ikaandikiana mapatano na wakatoliki, waprotestanti na wakimbangisti ili warudie kuongoza shule zao. Baadaye Waislamu nao wakaingia. Pale ndipo zilizaliwa shule tunazoita « konvansyone »: ni za Leta, lakini kanisa linaongoza.

Muangalie matokeo kwa mzazi mwenye lawama. Anaenda kwa prefe. Prefe anamtuma kwa kordinasio ya kanisa. Kordinasio inamtuma kwa divizio ya Leta. Divizio inamrudisha kwa prefe. Nyumba yenye wababa wawili, mtoto akilia usiku, kila baba anasema mwenzake ataamka.

Na mwanafunzi wa wakati ule? Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Kinshasa kuomba bursi iongezwe. Askari wakawapiga risasi, wengine wakakufa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Vyama vyao vikafungwa, na JMPR, tawi la vijana la chama cha Mobutu, ikabaki peke yake, hata katika sekondari. Yaani mwanafunzi alipewa wimbo wa kuimba, hakuachiwa neno la kusema.

Baba yangu ni mtoto wa wakati ule. Anakumbuka vizuri mwalimu aliyelipwa, ijapo toka katikati ya miaka ya 1970, bei ya shaba ilipoanguka, mshahara ule ulikuwa unayeyuka kidogo kidogo. Asichokumbuka kwa sauti ni kwamba alifundishwa kunyamaza. Babu alipomfunga dada kinywa, baba hakumtetea.

WAKATI WA MAMA: MZAZI ANALIPA

Tarehe 24 mwezi wa ine 1990 Mobutu alikubali vyama vingi, lakini franga ilikuwa inakufa. Mwezi wa tisa 1991 askari wakapora Kinshasa na miji mingine. Kiisha ikatoka noti ya milioni 5 za zaire, watu wakaikataa sokoni. Mshahara wa mwalimu haukutosha hata mfuko wa bunga. Walimu wakasimamisha kazi, shule zikafungwa.

Kuelekea mwaka 1992, makanisa na wazazi walikubaliana jambo moja la haraka: wazazi wachange, mwalimu arudi darasani. Ile ndiyo prime. Ilisemwa ni ya muda mfupi, mpaka Leta isimame tena. Imepita miaka zaidi ya makumi tatu.

Tuseme ukweli bila kuficha: prime iliokoa shule zetu. Vita ya 1996 ikafika, ile ya 1998 ikafuata, na kwetu mashariki, sehemu nyingi, hakukuwa Leta ya kulipa mtu. Waliofanya shule ibaki wazi ni wamama waliouza maharagi, bunga na makala. Lakini dawa ile ilikuwa na sumu ndani. Franga ya mzazi haikubaki yote shuleni, sehemu ilipanda ngazi kwenda kusaidia maofisi ya juu. Walimu wakaongezwa bila Leta kuwalipa, ndio wale tunaowaita « nouvelles unités » na « non payés », ambao wanakula kwa prime tu. Na prefe, aliyekuwa mwongozi wa masomo, akageuka pia mkusanya franga.

Mzazi akapata kiti, hilo ni kweli. Kuna komite ya wazazi, kuna mkutano wa mwanzo wa mwaka, na kila mwaka gavana wa provensi anatia sahihi karatasi inayopanga bei ya shule. Lakini kiti kile kilikuja na franga, na kinasema juu ya franga. Mama ameulizwa mara nyingi: « Tuweke ngapi? » Hajaulizwa: « Mtoto wako anajifunza nini? » Na mama mwenye deni, mara nyingi, haendi hata mkutanoni, juu anaogopa haya.

WAKATI WA DADA: DENI NI LA MZAZI, AZABU NI YA MTOTO

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure, na kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Mwaka 2010 ikaanzwa kwa madarasa ya kwanza, lakini Kinshasa na Lubumbashi zikaachwa pembeni. Mwezi wa tisa 2019, chini ya rais Félix Tshisekedi, gratuite ikatangazwa kwa shule ya msingi yote. Watoto wakajaa, na mwalimu aliyekuwa anaishi kwa prime akajikuta mikono mitupu. Tuliona migomo.

Ila gratuite ilisimama mlangoni pa sekondari. Mzazi ambaye hakulipa kitu mpaka darasa la sita anakuta bei inamngoja mbele yake, wakati mtoto amefika umri wa kuona haya. Hapo ndipo dada yangu alipo. Anasimamishwa mbele ya wenzake, jina linasomwa, anachukua kitabu chake anaenda. Hakuna karatasi aliyotia sahihi. Hakuna mkutano aliokaa. Anarudi kiisha siku tatu, somo limekwisha kupita. Mwisho wa mwaka asilimia zikishuka, tunasema: « Watoto wa leo hawasomi. »

Ndiyo maana ninasema: mukisikia mtu anasifu ao anatukana shule ya Leta, mbele ya kumkubali ao kumkatalia, mumuulize kwanza alisoma ao alilipa mwaka gani. Babu anapima nidhamu, juu wakati wake ndiyo iliyotakiwa. Baba anapima mshahara, mama anapima franga. Mwanafunzi peke yake ndiye anayekaa ndani ya darasa kila siku, anajua mwalimu gani anafundisha na gani anapitisha saa, anajua laboratware yenye kufuli na choo isiyo na mlango. Na katika mapatano haya yote, toka 1906 mpaka leo, hakuna hata moja lililomuuliza yeye.

SISI TULIOMALIZA

Sisi tuna diploma ya Leta mfukoni. Tumetoka, tunasema tumepona. Lakini kati yetu kuna wale wanaofundisha sasa shuleni kulekule bila mshahara, na kuna wale walio na mtoto wa darasa la tano. Miaka miwili ijayo tutakuwa wazazi wa sekondari, na tutakaa kwenye mabenchi ya mkutano ule.

Basi tusiende kuuliza bei tu. Tuombe mambo matatu, na yote hayaombi franga. La kwanza: hesabu ya prime ibandikwe ukutani, kila mtu aone kiasi kilichoingia, kilichobaki na kilichopanda juu. La pili: deni lizungumzwe na mzazi mwenyewe, kwa kumuita, kwa kupanga naye tarehe, wala si kwa kumtoa mtoto darasani siku ya interogasio. La tatu: mkuu wa kila darasa apewe dakika kumi mbele ya wazazi, aseme ni somo gani halikufundishwa, na asiazibiwe kwa kusema.

Watu watasema Leta ndiyo ilipe mwalimu wa sekondari, na wana haki, tuendelee kuidai. Lakini tumekwisha kungoja Leta toka 1992, na watoto hawasimami kukua wakati tunangoja.

Kesho yake asubuhi nilimkuta dada jikoni, nikamwambia arudilie yale aliyotaka kusema jana. Akaniangalia kwanza, kama mtu anayetafuta kujua kama ni mtego. Kiisha akaongea karibu saa nzima. Katika saa ile nilijifunza juu ya shule yetu kupita miaka sita niliyokaa ndani yake.

Muwaulize wadogo wenu.