Hodi Isiyojibiwa: Adabu ya Mgeni Mashambani katika Historia ya Uzaramo

Watu wengi hudhani kuwa adabu ni jambo la barazani, na kwamba mtu atokapo mjini kwenda mashambani kutembea aweza kuiacha nyumbani pamoja na nguo zake za kazi. Historia ya pwani yetu haiungi mkono dhana hii. Katika nchi inayouzunguka mji wa Dar es Salaam, yaani Uzaramo na vijiji vya Washomvi, kuingia katika ardhi ya mwingine kulikuwa na taratibu yake tangu zamani. Makusudi ya makala haya ni kuieleza taratibu hiyo, kuonyesha ilivyolegea mji ulipokua, na kupima hasara iliyopatikana Kunduchi kwa sababu ya kulegea huko.

Mapokeo ya Mzizima, kijiji kilichoutangulia mji, yasimulia kuwa Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba waliomba msaada kwa Pazi, mkuu kutoka bara. Adui aliposhindwa, Washomvi walikubali kumpa Pazi na watu wake malipo ya kila mwaka yaliyoitwa kanda la pwani. Mtu aweza kuyasoma malipo hayo kama kodi ya mnyonge kwa mwenye nguvu, na bila shaka nguvu ilikuwamo. Lakini yalikuwa pia ukiri wa wazi kwamba raha ya mtu mahali fulani hutegemea watu wengine, na kwamba utegemezi huo una haki yake.

Misafara ya biashara nayo ililipa hongo. Siku hizi neno hili limeharibika, likawa na maana ya rushwa. Zamani lilikuwa malipo ya njia, maji na mahali pa kupiga kambi. Richard Burton na John Speke walipopita Uzaramo mwaka 1857 walitakiwa kuitoa, kama walivyotakiwa wasafiri wengine. Wazungu wengi waliipinga na kuiita unyang'anyi, na ni kweli kuwa wako wakuu walioizidisha. Hata hivyo yafaa tuitazame kwa macho ya mwenyeji. Msafara mkubwa ukilala usiku mmoja hukausha kisima, humaliza kuni za karibu na huacha uchafu. Asubuhi wageni huondoka. Upungufu hubaki kwa mwenye kijiji. Hongo ilimkumbusha msafiri kuwa njia aliyoiona tupu ilikuwa na wenyewe.

Katika maisha ya kila siku adabu hiyo ilikuwa na sura ndogo zaidi, nayo ni hodi. Kila mtoto wa pwani hufunzwa kuwa hodi hubishwa mara tatu, na asiyejibiwa baada ya mara ya tatu hurudi alikotoka. Sharti hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Lamfundisha mtu kuwa kimya si idhini: nyumba isiyoitika haijasema karibu. Wanazuoni wa fiqhi nao walijadili hali ya mpita njia mwenye njaa afikapo penye mti wa matunda usio na mlinzi. Walioruhusu ale papo hapo walimkataza kubeba katika nguo yake. Kula huondoa njaa, na njaa ina udhuru; kubeba ni kujifanya mwenye mali.

Taratibu hii ilitegemea jambo moja, kwamba mgeni na mwenyeji waonane uso kwa uso. Mji ulipokua, kuonana huko kulipungua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na wakazi 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, na mwaka 2022 walifika 5,383,728. Kinondoni na Temeke, ambako sasa nyumba zimebanana, palikuwa na mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho. Mashamba yalisogea Mbagala, na kutoka Mbagala yakazidi kusogea. Mkazi wa mjini aliyetaka kupunga upepo siku ya Jumapili hakupita tena uani kwa mtu. Alipita barabarani katika motokaa, akashuka mahali asipomjua yeyote wala kujulikana na yeyote. Shamba likawa kwake mandhari tu, na kimya chake akakihesabu kuwa ruhusa.

Kunduchi, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji, ni mahali pa kuyaona matokeo ya hesabu hiyo. Chini ya mibuyu yako magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya mawe, mengi yakiwa ya karne ya 18, ambayo baadhi yake yana minara. Wajenzi waliyapamba kwa bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina, wakizipachika katika chokaa ili maiti wao watukuzwe na ili wapitao wajue kuwa watu waliolala hapo walikuwa na heshima na biashara yao ilivuka bahari. Leo msomaji akienda ataona hasa matundu ya mviringo. Vyombo vingine vilivunjika kwa umri, na vingine vya magofu hayo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini; lakini vingi vilibanduliwa na watu waliofika, wakatazama, wakapenda, wakachukua.

Bila shaka wako waliochukua kwa biashara. Lakini si lazima tudhani kuwa kila mkono uliobandua ulikuwa wa mwizi kwa jina. Aliyechukua kipande kimoja cha kaure aweza kuwa mtu mwema nyumbani kwake, ambaye asingethubutu kuchukua kikombe katika nyumba ya jirani. Tofauti ilikuwa kwamba nyumba ya jirani ina mwenye kuitika, na kaburi halina. Kipande kimoja kilionekana si kitu. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia iyo hiyo haba na haba hukitoa kibaba kitupu. Tena hasara hii haina fidia, kwa sababu bakuli iliyotolewa katika mnara wake hubaki bakuli tu. Haisemi tena ilikuwa ya kaburi lipi, wala kaburi halisemi tena lilijengwa lini na kwa mali gani.

Sheria haikukosekana. Amri ya kuhifadhi majengo ya kale ilitolewa Tanganyika mwaka 1937, na Sheria ya Mambo ya Kale ilifuata mwaka 1964. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyo mbele ya pwani hiyo, vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari, na mgeni aendaye Mbudya kufanya mandari hutozwa ada. Wako wanaonung'unikia ada hiyo kama Burton alivyonung'unikia hongo. Lakini mlinzi hawezi kusimama katika kila mwamba na kila kichaka, na penye pengo la mlinzi hubaki adabu ya mgeni peke yake.

Mtu aweza kuuliza kama ni haki kumlaumu mtembezi wa Jumapili, hali wenyeji wenyewe hukata misitu ya Pugu kwa makaa na wengine wamevua kwa baruti. Swali ni la haki. Lakini makaa ya Pugu huchomwa ili yapikiwe mjini, na samaki wa baruti huuzwa katika soko la mjini. Hivyo mtu wa mji hatoki katika lawama kwa kumwonyesha mwenyeji kidole. Zaidi ya hayo, mwenyeji mharibifu ataishi na uharibifu wake, lakini mgeni ataurudia mji.

Neno hili latuhusu hata sisi wa vyuo. Mwanafunzi aendaye Kisarawe au Kunduchi kutafuta habari za kale ni mgeni kama wengine, naye hubeba: hubeba vigae, picha na masimulizi ya wazee. Yampasa abishe hodi kwa wazee wa mahali, aseme anakusudia nini, aandike kila kitu alikikuta wapi, na arudishe nakala ya alichoandika kwa waliompa. Kanda la pwani lilikwisha zamani, lakini deni lililolizaa halijesha. Wengi wetu twaishi juu ya mashamba ya watu waliosogezwa mbele na mji, na tutokapo Jumapili kwenda mashambani, waliosogezwa hao ndio tunaowakuta huko kuwa wenyeji wetu.