Watoto metisi wa ukoloni: walitengwa na mama juu ya rangi

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, mutoto wa baba muzungu na mama mweusi aliitwa metisi. Serikali ilimuona kama hatari kwa utawala wa wazungu. Wengi walinyanganywa mama zao, wakawekwa kwenye misioni za masista, kama Katende huko Kasai. Majina na tarehe za kuzaliwa za wengi zilibadilishwa. Karibu na uhuru wa 1960, mamia ya watoto wa Save, nchini Rwanda, walipelekwa Ubelgiji. Mama zao walibaki.

Tarehe 4/4/2019, Waziri Mkuu Charles Michel aliomba musamaha. Tarehe 2/12/2024, mahakama ya rufaa ya Brussels ilisema huo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mumoja wa wanawake watano waliopitia Katende alipwe euro 50.000.

Je, familia ya Beni ao Butembo inayotafuta ndugu kama huyo ifanye nini? Archivu ya Taifa ya Ubelgiji inasaidia metisi na watoto wao kutafuta dokima. Muulize wazee wangali hai: jina alilopewa na mama, jina la baba, kijiji, misioni. Muandike yote, juu kwenye karatasi anaweza kuwa na jina lingine.