Milango ya Mlima Inari

Wafanya biashara wetu wa pwani wengi huenda Japani kununua magari yaliyotumika. Ukibahatika nawe kufika, huenda mwenyeji wako akakupeleka Fushimi, kusini ya mji wa Kyoto, kwenye hekalu la Inari, mungu wao wa mpunga na mafanikio ya biashara. Kutazama si kuabudu. Lakini jua unachokitazama.

Khabari zao zasema hekalu lilianza mwaka 711. Tajiri mmoja wa ukoo wa Hata, kwa wingi wa mchele aliokuwa nao, alifanya mkate wa mchele kuwa shabaha ya mishale yake. Mkate ukageuka ndege mweupe, ukaruka hadi mlimani, na alipotua pakaota mpunga. Wajukuu zake ndio waliokuja kuijutia dharau ile. Hekaya hii hatulazimiki kuisadiki, ila kwa jambo moja twaelewana nao: chakula hakichezewi.

Utaona masanamu ya mbweha kila upande, mengine yameuma ufunguo wa ghala, mengine shuke la mpunga. Wageni husema watu wa pale wanaabudu mbweha. Sivyo, wenyewe wanasema huyo ni mjumbe tu wa Inari. Tusiwazulie watu, na Surat Al-An'aam, aya ya 108, yatukataza hata kuwatukania wanaowaomba. Ama mwenyeji akikuambia uiname mara mbili, upige makofi mawili, kisha uiname tena, hiyo ndiyo sala yao. Hapo rudi nyuma kwa adabu, umwambie wazi kwamba dini yako haikuruhusu. Usione haya, haya ya namna hiyo ndiyo iliyowaponza wasafiri wengi.

Sasa tazama milango, waiitayo torii. Zamani Inari akiombwa na wakulima. Miji ilipokua wakaja wafanya biashara, na tangu zama za Edo (1603–1868) wakazoea kutoa milango ya mbao yenye rangi nyekundu, ya kuomba au ya kushukuru. Leo yakisiwa elfu kumi, imesongamana kama handaki kuupanda mlima wa mita 233. Mlango mkubwa una bei kubwa. Jina la mtoaji na tarehe huandikwa upande wa nyuma, hata apandaye huona rangi tupu, na ashukaye ndiye husoma majina ya makampuni. Mbao huoza kwa mvua; mlango ukichakaa huondolewa, na mahali pake husimamishwa mwingine, wenye jina la mtu mwingine.