Maumbo matano ya kodi: jinsi ya kuijua shingo yote ya gitaa

Mmoja wetu hapa studioni alianzia gitaa kwenye kwaya ya vijana, na kwa miaka miwili alijua kodi tatu tu: C, F na G, zote za mwanzoni mwa shingo. Jumapili moja mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo juu kidogo kuliko walivyozoea. Waimbaji wakamfuata. Mpiga gitaa akatafuta, akakosa, akabaki ameshika gitaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyemsema, lakini hajaisahau siku ile.

Msikilizaji wetu, kama nawe umekwama kwenye freti tatu za mwanzo, makala haya ni yako. Kodi tunayoizungumzia si ile ya serikali. Ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja.

Tuelewane kwanza. Uzi wa 1 ni ule mwembamba kabisa, wa 6 ni ule mnene. Kuanzia mnene, nyuzi zikiwa wazi ni E, A, D, G, B na E. Freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, na kila freti moja hupandisha sauti kwa nusu hatua. Kutoka E kwenda F ni freti moja, na B kwenda C pia ni freti moja. Herufi nyingine zote zimeachana kwa freti mbili. Kwa hiyo kwenye uzi wa 6, F iko freti ya 1, G ya 3, A ya 5, B ya 7, C ya 8, D ya 10, na ya 12 inarudi E. Uzi wa 5 una B freti ya 2, C ya 3, D ya 5, E ya 7, F ya 8, G ya 10, kisha A ya 12. Hizi nyuzi mbili zikariri kama namba ya simu ya nyumbani. Nyingine zitakuja zenyewe.

Sasa shika kodi ya E ya kawaida. Hiyo ni picha ya vidole, na picha hiyo inahamishika. Tatizo ni moja: ukiisogeza kuelekea tumbo la gitaa, nyuzi zilizokuwa wazi hazisogei nayo. Dawa yake ni kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, kiwe kama mwanzo mpya wa shingo. Kidole cha kati kinakaa uzi wa 3, freti moja mbele ya shahada. Cha pete na cha mwisho vinakaa uzi wa 5 na wa 4, freti mbili mbele. Jina la kodi unalisoma kwenye uzi wa 6, pale shahada ilipo. Shahada ikiwa freti ya 3 umepata G, ya 5 umepata A, ya 8 umepata C. Umbo ni lilelile la E, jina ndilo linalobadilika.

Umbo la A nalo hufanya hivyo, ila jina lake unalisoma kwenye uzi wa 5, na uzi wa 6 hupigwi. Shahada freti ya 3, kisha nyuzi za 4, 3 na 2 zibanwe freti ya 5. Hiyo ni C.

Maumbo yanayohama ni matano: C, A, G, E na D, na yanafuatana kwa mpangilio huohuo. Chukua kodi ya C. Mwanzoni mwa shingo unaipiga kwa umbo la C lenyewe. Freti ya 3 unaipata kwa umbo la A, ya 5 kwa umbo la G, ya 8 kwa umbo la E, ya 10 kwa umbo la D, na ya 12 umbo la C linarudi. Kodi moja, vituo vitano. La G ni gumu kulishika lote, hata wapigaji wazuri huchukua nyuzi tatu au nne tu. Kwa maoni yetu, anza na E na A, uyakae miezi kadhaa kabla ya kuyagusa mengine.

Faida yake utaiona hapa. Kaa freti ya 8. Umbo la E hapo ni C. Umbo la A palepale ni F. Lisogeze umbo la A hadi freti ya 10, umepata G. Wimbo mzima wa kodi tatu uko ndani ya freti chache, mkono haurukiruki. Mwalimu wa kwaya akipandisha kutoka C hadi D, wewe unasogeza kila kitu freti mbili: 10, 10 na 12. Basi.

Ndivyo pia magitaa mawili yanavyopiga pamoja bila kukanyagana. Sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au za Franco na TP OK Jazz, usikie moja likitembea juu na jingine likishikilia chini. Nyumbani, mwenzako apige C, F na G za mwanzoni, wewe upige zilezile freti ya 8.

Kidole cha shahada kitauma wiki za kwanza, na baadhi ya nyuzi zitakwama. Kibonyeze karibu na chuma, si katikati ya nafasi, na ukilaze kidogo kwa ubavu wake. Ukishindwa, bana nyuzi nne nyembamba tu. Kodi bado ni ileile. Lakini likague na gitaa lenyewe. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 12. Lazima usikie sauti ileile, ya juu zaidi. Zikipishana sana, au nyuzi zikiwa zimeinuka mbali na shingo, si kosa la vidole vyako. Mpelekee fundi kabla hujakata tamaa.