Mti wa Nyuma ya Nyumba

Msomaji, huenda umepata kukaa katika nyumba yenye huzuni: mgonjwa amelala kitandani, fedha zimekwisha, au wakubwa hawasemezani. Ukatoka nje, ukaona masika yameotesha majani mabichi, na moyo ukapata nafuu usijue sababu. Nataka ulitazame jambo hilo katika maisha ya msichana wa umri wako, ambaye hata ruhusa ya kutoka nje hakuwa nayo.

Anne Frank alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1929, katika jamaa ya Kiyahudi. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933, wazazi wake walihamia Amsterdam, Uholanzi. Lakini mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi pia, na taabu ikawafuata huko. Wayahudi walikatazwa kuingia bustanini, kupanda magari ya abiria, na kusoma pamoja na watoto wengine. Kisha wakaanza kukamatwa na kupelekwa makambini. Tarehe 6 Julai 1942, Anne, dada yake na wazazi wao waliingia mafichoni, katika vyumba vilivyokuwa nyuma ya ofisi ya baba. Baadaye mlango wake ulifichwa kwa kabati la vitabu.

Mwishowe walikuwa watu wanane. Mchana iliwapasa kunyamaza, maana chini walikuwako wafanyakazi wasioijua siri. Chakula kilikuwa haba, na hofu ilizaa magomvi. Anne hakupatana na mama yake, na wakubwa waligombana kwa mambo madogo. Fikiri, msomaji: kuwa na miaka 14, na kukosa hata mahali pa kulia peke yako!

Darini palikuwa na dirisha. Kutoka hapo Anne aliona kipande cha mbingu, ndege, na mti mkubwa wa chesnati uliosimama katika bustani ya nyuma. Katika nchi za baridi mti wa namna hiyo hupukutisha majani yote, ukakaa mtupu miezi mingi. Jua lirudipo, kati ya Machi na Mei, huchipua upya, na maua yake meupe husimama kama mishumaa. Mwaka 1944 Anne aliutaja mti huo katika shajara yake mara tatu. Mwezi wa Februari ulikuwa ungali mtupu, matone ya maji yaking'aa matawini. Mwezi wa Aprili, siku chache baada ya wezi kuvunja jengo na mtu kulitikisa kabati lile usiku, aliona kijani kinaanza. Mwezi wa Mei ulijaa majani na maua, akauona mzuri kuliko mwaka uliopita.

Baba yake alisema baadaye ya kuwa hakujua mambo hayo yalikuwa na thamani kubwa hivyo kwa bintiye, kwani zamani hakuyajali. Kufungiwa ndiko kulikomfumbua macho.

Tarehe 4 Agosti 1944 maficho yaligunduliwa, wote wakakamatwa. Anne alikufa katika kambi ya Bergen-Belsen mapema mwaka 1945, akiwa na miaka 15. Katika wale wanane alirudi baba peke yake, na shajara ikachapishwa mwaka 1947. Mti nao uliangushwa na dhoruba mwaka 2010, lakini miche ya mbegu zake imepandwa katika nchi mbalimbali.

Basi, mti ule ulimfaa nini, iwapo haukumwokoa? Wazee husema, baada ya dhiki faraja. Anne hakuifikia siku hiyo ya baada. Faraja yake aliipata ndani ya dhiki yenyewe. Mti haukumpa chakula wala haukumfukuza adui. Ulimwonyesha tu kwamba waliomnyima mlango hawakuwa na amri juu ya majira. Nawe, dhiki ikiingia nyumbani kwenu, usione haya kuinua macho na kuutazama mti ulio karibu. Hautaimaliza dhiki, lakini utakusaidia kuistahimili siku hiyo, na siku moja si kitu kidogo.