Arei za vipimo vingi katika C: kuzipitisha kwa fanksheni

Katika lugha ya C, arei ya vipimo vingi inapopitishwa kwa fanksheni, jedwali lenyewe halinakiliwi. Fanksheni hupokea anwani ya safumlalo ya kwanza tu.

Asili

C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1972.

Utendaji

C hupanga jedwali katika kumbukumbu safumlalo baada ya safumlalo, kinyume cha Fortran inayotanguliza safuwima. Chukua mvua ya Machakos, eneo la Kenya lenye misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Rekodi za kila mwezi kwa miaka mitano hutangazwa hivi:

`int mvua[5][12];`

Kwa kuwa hesabu huanzia 0, Aprili ya mwaka wa tatu ni `mvua[2][3]`. Kompaila huzidisha 2 kwa 12, ikajumlisha 3, kisha ikaruka nafasi 27 kutoka mwanzo. Ikiwa `int` ni ya baiti 4, hizo ni baiti 108. Hesabu hii haiihitaji 5 hata kidogo, lakini bila 12 haifanyiki. Ndiyo maana parameta huandikwa `int mvua[][12]` au `int (*mvua)[12]`, na zote mbili ni pointa ya safumlalo yenye `int` 12. Mabano ya kwanza huweza kuachwa matupu. Yanayofuata sharti yajazwe.

Idadi ya safumlalo haiambatani na pointa, hivyo hupitishwa kama parameta ya peke yake. `sizeof` ya parameta ya jedwali hutoa ukubwa wa pointa, si wa jedwali. Thamani zinazobadilishwa ndani ya fanksheni hubadilika pia kwa aliyeiita.

Kosa sugu la wanafunzi ni kutangaza parameta kama `int **mvua`. Tangazo hilo hutarajia orodha ya pointa, ilhali jedwali lina namba tupu. Matoleo ya zamani ya kompaila ya GCC yalitoa onyo tu. GCC 14 ya mwaka 2024 hukataa.

Viwango

C99 ilileta njia iliyo safi kuliko zote, `int jumla(int n, int m, int mvua[n][m])`, ambapo vipimo hutangulia jedwali. C11 iliifanya ya hiari. C23 ikairejesha kuwa ya lazima. C++ haiikubali.

Nchini Kenya

Sayansi ya kompyuta hufundishwa katika vyuo vikuu vingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati mwaka 2016. Mwanafunzi anayeanza C na akumbuke kutaja upana wa safumlalo kabla ya jambo lingine lolote.