Safu ya Lugha: Kufunga, kuficha, kuzima

Kwenye saiba za mji wa Sosiot utasikia, "Zima hilo dirisha." Dirisha halizimwi, hufungwa. Kinachozimwa ni mashine.

Vijana wanaoandika programu ndio hasa wanaopaswa kutenganisha vitenzi hivi. Mtu akibofya ile X ya pembeni hajafunga kitu; ameomba kufunga. Programu ya kurekodi kilo za majani chai, ikiwa imeandikwa vizuri, humsimamisha karani kwanza: "Hujahifadhi. Nihifadhi?" Akichagua "Ghairi", dirisha linabaki palepale na kilo za wakulima ziko salama. Basi tuliite tukio hilo ombi la kufunga. "Limefungwa" lisubiri zamu yake. Lugha ya programu ya Java yenyewe ina matukio mawili, la kabla ya kufunga na la baada. Tena dirisha la Java liitwalo JFrame, usipoliagiza vingine, likibofywa X hujificha tu, programu ikaendelea kula kumbukumbu kimyakimya. Hapo anayesema "nimefunga" ameficha.

Na amri ya "ondoka"? Hilo ni la programu nzima, hata ikiwa na madirisha matano.